Jibu: Kwa nini gari la haibridi la kuchaji hupoteza kilomita za umeme wakati wa baridi kali

Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba alinunua RAV4 Prime iliyotumika, gari la Toyota lenye injini ya petroli na betri ya kuchaji, mwezi wa Julai hapa Edmonton, mkoa wa Alberta, Kanada, ikawa inampa karibu kilomita 70 za umeme kwa chaji moja. Sasa baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, dashibodi inamwonyesha kilomita 45 tu, na injini ya petroli inawaka hata betri ikiwa imejaa. Anataka kujua kama ameuziwa gari lenye betri iliyochoka. Mimi nina gari la aina hiyohiyo na nimepita nalo majira kadhaa ya baridi katika mji huuhuu, na katika maelezo yake sioni dalili hata moja ya betri mbovu. Kinachompotezea kilomita kwa sehemu kubwa ni joto analolihitaji ndani ya gari, na jambo hilo, tofauti na betri iliyochoka, mtu anaweza kulipunguza kwa namna anavyolitumia gari lake.

Hata hivyo betri nayo ina sehemu yake, kwa hiyo nianze nayo. Ndani ya betri ya lithiamu umeme hupatikana kwa ioni, yaani chembe ndogo zenye chaji, kusafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine zikipita katika kimiminika kiitwacho elektroliti. Kimiminika hicho kikipoa huwa kizito, mfano wa mafuta ya nazi yanavyoanza kuganda asubuhi ya baridi, na ioni hupita kwa taabu. Ukinzani wa ndani huongezeka, volti hushuka kila unapokanyaga mafuta, na kompyuta ya gari hulazimika kuizuia betri isitoe nguvu zake zote. Chaji iliyoonekana kupotea haikuvuja popote: betri ikipata joto, sehemu kubwa yake hurudi. Kwa sababu hiyo upungufu wa Januari hauwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha uzima wa betri.

Kuchaji ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi kuliko kutumia. Betri ikiwa chini ya sifuri, ioni zinazolazimishwa kuingia kwa kasi katika grafiti, upande wa betri unaozipokea wakati wa kuchaji, hushindwa kupenya zote, na zinazobaki nje hujipaka juu yake kama utando wa madini ya lithiamu. Huo ni uharibifu wa kudumu. Ndiyo maana gari hupunguza kasi ya kuchaji wakati wa baridi, na ndiyo maana asubuhi ya kwanza ya theluji utahisi breki hazirudishi umeme kama ulivyozoea. Wengi hulalamikia jambo hili, lakini ni kompyuta inayoilinda betri yako, na ingekuwa hatari zaidi kama isingefanya hivyo.

Sasa tuje kwenye joto. Mwaka 2019 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima magari matano ya umeme pekee katika baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Ilipowashwa, ulipungua kwa asilimia 41. Magari yale hayakuwa haibridi, lakini fundisho lake linatuhusu sisi kuliko wale, kwa sababu betri zetu ni ndogo. Betri ya RAV4 Prime ina kilowati-saa 18.1 (kipimo cha kiasi cha umeme), na si zote zinazoruhusiwa kutumika, ilhali chumba kinachotakiwa kupashwa joto ni kikubwa sawa na cha gari lenye betri mara nne ya hiyo.

Jaribu kupiga hesabu. Safari ya kilomita 20 mjini wakati wa joto hula takriban kilowati-saa 4. Siku ya theluji safari hiyohiyo huchukua dakika 45 kwa sababu ya foleni na barabara yenye utelezi, na hita inayotumia kilowati 3 kwa wastani itakuwa imekula zaidi ya kilowati-saa 2 kabla hujafika. Umeongeza nusu nzima ya matumizi bila kuongeza hata mita moja ya mwendo. Mwendo hulipiwa kwa umbali, lakini joto hulipiwa kwa muda. Kwa hiyo anayetambaa polepole katika foleni hupoteza zaidi kuliko anayekwenda umbali uleule katika barabara iliyo wazi. Safari fupifupi zilizoachana ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa kila mara unaanza upya kukipasha joto chumba kilichoganda.

Gari hili lina pampu ya joto, ambayo ni bora kuliko hita ya kawaida ya umeme. Hita ya kawaida hutoa joto sawasawa na umeme inaokula. Pampu huchota joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani, na katika baridi ya wastani huweza kutoa joto mara mbili au zaidi ya umeme inaotumia. Tatizo ni kwamba hewa ikizidi kupoa, hakuna joto kubwa la kuchota. Katika RAV4 Prime mpaka huo ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Ukivuka hapo, gari huwasha injini ili maji yake ya moto yapashe chumba. Kwa hiyo, ndugu, injini yako kuwaka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri huku betri imejaa ndivyo gari lilivyoundwa. Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaijui: kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele huiwasha injini hata siku isiyo na baridi kali. Ukungu ukiwa mwepesi, elekeza hewa ya kawaida kwenye kioo na uache kubonyeza kitufe hicho. Ukiwa mzito kiasi cha kukuzuia kuona, kibonyeze bila kusita.

Visababishi vingine nitavitaja kwa ufupi. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa takriban asilimia 16 kuliko hewa ya nyuzi 20 juu ya sifuri, na gari hulazimika kuipasua hewa hiyo, jambo linaloonekana zaidi kwenye barabara kuu. Upepo wa tairi hupungua kwa takriban psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 5 au 6 za baridi inayoongezeka, na tairi laini hula umeme. Kwa hiyo pima upepo kila baridi inapozidi sana. Tairi za theluji nazo hupunguza umbali kidogo, lakini katika mji huu hazina mjadala.

Mimi hufanya hivi. Nikifika nyumbani huchomeka gari hata kama chaji haijaisha, kwa kuwa likiwa limeunganishwa, hita ya betri hutumia umeme wa nyumba kuizuia betri isigande. Kuchaji kwenyewe hupanga kumalizike karibu na saa ya kuondoka, ili betri iwe bado na joto la kuchajiwa. Kabla ya kutoka huwasha joto la chumba kwa programu ya simu huku waya ukiwa bado umechomekwa. Hapa kuna jambo la kuzingatia: soketi ya kawaida ya volti 120 hutoa kilowati 1.4 tu, wakati kupasha chumba kilichoganda huhitaji zaidi ya hapo, na pengo hujazwa na betri yako. Anza mapema, kisha acha muda wa kuijaza tena kabla hujaondoka. Mwenye soketi ya volti 240 hana shida hii, na kwa maoni yangu faida hiyo ya asubuhi za baridi inatosha kuwa sababu ya kumwita fundi umeme. Njiani, hita za viti na usukani hutumia umeme mdogo sana ukilinganisha na kupasha hewa yote ya ndani, na mwili huridhika mapema zaidi.

Safari ndefu nakuwa na utaratibu mwingine. Nikienda Calgary, takriban kilomita 300, siondoki kwa umeme nikasubiri betri iishe barabarani. Huanza na petroli katika hali ya HV, ambayo gari hutegemea injini na kuitunza chaji ya betri, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati ya petroli hupotea kama joto kwa vyovyote vile, na wakati wa baridi joto hilo ndilo ninalolihitaji chumbani. Umeme huutunza kwa ajili ya mjini, ambako chumba tayari kina joto na mwendo ni mdogo. Tena injini ikishawaka katika baridi kali, ni heri iendelee hadi ipate moto kabisa. Injini inayowaka dakika mbili na kuzimwa mara kwa mara hujaza unyevu na petroli katika oili. Kwa hiyo badilisha oili kwa kufuata tarehe, hata kama kilomita za injini ni chache.

Katika baridi iliyopindukia mipaka, sahau kilomita za umeme na fikiria usalama. Waliokuwepo Alberta tarehe 13 Januari 2024 wanakumbuka tahadhari iliyoingia katika simu zetu jioni, gridi ya mkoa ikiwa katika hatari ya kukatiwa umeme kwa zamu, na watu wakiombwa waahirishe kuchaji magari. Jioni ile mwenye haibridi alikuwa na nafuu ambayo mwenye gari la umeme pekee hakuwa nayo: angeweza kuchomoa waya na bado kufika kazini kesho yake. Lakini mwongozo wa gari unaonya kwamba betri kubwa yenyewe ikipoa chini ya nyuzi 30 hivi chini ya sifuri, mfumo wa haibridi unaweza kukataa kuwaka. Ukitabiriwa usiku wa namna hiyo, gari lipate gereji au angalau waya. Ile betri ndogo ya volti 12 nayo ipimwe kabla ya Novemba, maana ikizimika, gari halitawaka hata betri kubwa ikiwa imejaa.

Wanaoishi kwenye maghorofa wachunguze soketi za maegesho kabla ya kuzitegemea. Nyingi ziliwekwa kwa ajili ya hita za injini, yaani vifaa vya umeme vya kuipasha injini ili iwake wakati wa baridi, na baadhi hukatwa na kuwashwa kwa zamu ili kupunguza gharama ya jengo. Hita ya injini haidhuriki na mpango huo, lakini gari lako halitajaa, na asubuhi utadhani betri imeharibika. Muulize msimamizi wa jengo, na umweleze wazi kwamba unachaji gari.

Kuhusu kuijua hali halisi ya betri yako, subiri siku ya Mei yenye nyuzi 15 hadi 20. Ijaze kabisa, zima hita na kiyoyozi, pita njia uliyoizoea kwa mwendo wa kawaida, kisha andika kilomita ulizopata kabla injini haijawaka pamoja na kilowati-saa zilizoingia uliporudi kuijaza, kama chaja yako inazionyesha. Usitegemee namba ya dashibodi, kwa kuwa hukadiriwa kutokana na uendeshaji wa siku zilizotangulia na hubaki chini muda mrefu baada ya baridi kwisha. Makadirio rasmi ya gari hili ni kilomita 68. Ukipata 60 na zaidi, sioni la kukusumbua. Ukipata 50 katika siku nzuri kama hiyo, omba kipimo cha betri kwa wakala gari likiwa bado ndani ya muda wa dhamana, kisha ilete hapa karatasi ya majibu pamoja na namba zako mbili, tuzisome pamoja.