Usimwache mgonjwa na dripu peke yake

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja, binti aliye mwaka wa mwisho wa uuguzi. Anaandika: "Dada, sindano siziogopi, vidonda siviogopi, lakini nikiachiwa wagonjwa sita wenye dripu nachanganyikiwa. Wenzangu wananicheka, wanasema hayo ni maji tu." Nimeusoma mara tatu. Maneno yale ya mwisho nayajua, maana niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, na yalinitokea puani.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Zamu ya usiku, wodi imejaa, tuko wawili. Kitanda cha karibu na mlango alilazwa bibi wa miaka sabini na kitu, ameharisha na kutapika siku mbili, na moyo wake ulikuwa na shida ya muda mrefu. Daktari aliandika lita 1 ya maji ya Ringer, aina mojawapo ya maji ya dripu yenye chumvi, kwa saa 8. Kwa seti, yaani mrija wa dripu, inayotoa matone 20 kwa kila mililita, hiyo ni matone 42 kwa dakika, na ndivyo nilivyoyapanga.

Usiku wa manane nikapita, nikakuta dripu imesimama. Bibi amelala ubavu, mkono wenye kanula, kile kimrija kinachoingia mshipani, ameukunja chini ya shavu, na kanula yenyewe ilikuwa imewekwa kwenye kiwiko. Nikaona nisimkatishe usingizi. Badala ya kumnyoosha mkono nikafungua kigurudumu cha seti, kile kinachobana mrija, mpaka mwisho, matone yakaanza kudondoka taratibu, nikaridhika. Papo hapo nikaitwa upande wa pili kwa mgonjwa anayetokwa na damu. Huku nyuma bibi akajigeuza, akanyoosha mkono, na kigurudumu kilikuwa wazi.

Niliporudi, mfuko ulikuwa umenywea, pande zake mbili zimegandana. Bibi ameketi, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imesimama, na kifua kinachemka kiasi kwamba niliusikia mchemko ule kabla sijashika stethoskopu. Akaniambia, "Mwanangu, hewa haiingii."

Tulifunga dripu, tukamweka oksijeni, daktari akaja, bibi akachomwa dawa ya kutoa maji mwilini. Alfajiri alikuwa anapumua vizuri, na baada ya siku chache alirudi kwa watoto wake. Lakini asubuhi ile, mbele ya wanafunzi na wagonjwa, daktari mkuu wa wodi aliniuliza: "Kama maji yamekushinda, dawa utaziweza?" Hakuuliza tulikuwa wangapi zamu. Hakuuliza nilikuwa wapi. Kosa lilikuwa langu na nililiandika kwenye faili kwa mkono wangu, ila swali lile bado linanichoma, na miaka 11 imepita.

Na daktari yule alikosea kutenganisha maji na dawa. Dripu ni dawa. Ina kipimo, ina kasi, ina sumu yake ikizidi. Haya tunayoyaita kristaloidi ni maji yenye chumvi zilizoyeyuka, chembe ndogo zinazopenya kuta za mishipa bila shida. Ndiyo maana ukimpa mtu lita nzima, baada ya muda inayobaki ndani ya mishipa ni kama robo tu. Nyingine inahamia kwenye tishu: miguu inavimba, na kwa mwenye moyo dhaifu mapafu ndiyo yanayoipokea.

Hata yale ya kawaida kabisa, salaini ya asilimia 0.9, yana gramu 9 za chumvi kwa lita. Kloridi yake ni milimoli 154 kwa lita, ya damu ni kama 100. Mmiminie mtu lita nyingi na damu yake itaelekea kwenye asidi. Maji ya Ringer yako karibu zaidi na damu, lakini yana kalsiamu, kwa hiyo usiyapitishe kwenye mrija mmoja na damu ya kuongezewa, na mtoto mchanga anayepewa antibiotiki ya seftriaksoni usimwekee kabisa. Wanaosema maji tu hawajawahi kusoma maandishi yaliyo kwenye mfuko.

Kwa watoto ndiko ninakoomba uangalifu mara mbili. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulifuatilia zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali ambao damu ilikuwa haizunguki vizuri. Waliomiminiwa salaini haraka haraka, asilimia 10.5 walifariki ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Wenye kuharisha sana hawakuwamo, na mtoto aliyekaukiwa na maji bado anahitaji dripu ya haraka. Kwa hiyo kabla ya kufungua, jua unamfungulia nani na kwa nini.

Sasa ushauri wangu, mdogo wangu. Rudi kitandani. Dripu ikisimama, anza na mkono wa mgonjwa, kigurudumu baadaye. Bandika plasta kwenye mfuko, uweke alama ya saa, ili ukipita uone yamefika wapi. Hesabu matone tena kila mgonjwa anapojigeuza. Tazama shingo, hesabu pumzi, sikiliza mapafu kwa chini, uliza mkojo umetoka kiasi gani. Kisha rudi tena kitandani. Nimewafundisha hivyo wote wanaoanza kwenye zamu yangu, na nasema kwa fahari kwamba tangu usiku ule hakuna mgonjwa aliyezama mikononi mwetu.

Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Uskochi, Thomas Latta alimwekea bibi mmoja aliyekuwa anakata roho maji ya chumvi kwenye mshipa, lita kama 3. Bibi akafumbua macho, mapigo yakarudi, akasema anajisikia vizuri. Latta akamwacha chini ya uangalizi wa mwingine, akaenda kupumzika. Kuharisha kukarudi, hakuna aliyemwongezea maji, na saa tano na nusu baadaye akafariki. Yule alikufa kwa kupungukiwa, wangu nusura afe kwa kuzidishiwa, na wote wawili aliyewawekea dripu alikuwa ameshaondoka.

Mwishoni mwa ujumbe wako uliniuliza ununue saa ya aina gani. Yoyote yenye mshale wa sekunde, unayoweza kuibana kifuani usiivue zamu nzima. Mimi usiku ule ninayo, iko mfukoni.