Kabla hujafuta hiyo kadi, soma kifungu cha 106B

Usiifute, ndugu yangu. Umeandika kwamba umeteuliwa kujiunga na wapelelezi wanaofanya kazi kwa siri, ukauliza kuhusu marupurupu, namna ya kumficha mkeo shughuli zako, na iwapo utaruhusiwa kutumia kinasa sauti chako binafsi, ambacho unapanga kuhamisha rekodi zake kwenye kompyuta na kuifuta kadi ili itumike tena. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niache shughuli zangu nikujibu.

Mimi niliifuta. Nilikuwa nimejifanya mnunuzi wa magari ya wizi mjini Mombasa, na baada ya vikao vingi vya kunywa kahawa na watu nisiowapenda, mkubwa wao alitaja mwenyewe bei, mahali gari lilipofichwa na namna hati zake zingeghushiwa. Sauti ilisikika vizuri kuliko taarifa ya habari. Nikainakili kwenye kompyuta ya ofisi, kisha kwenye diski, na kwa kuwa kifaa chenyewe tulikuwa tukiazimana kikosini, nikaifuta kadi na kumkabidhi mwenzangu. Cheti cha ushahidi wa kielektroniki kilitiwa saini na mkubwa wangu, ambaye hakuwahi hata kukiona kifaa hicho.

Wakili wa utetezi hakubishana na sauti wala maneno. Aliuliza kadi ya awali iko wapi, nani aliinakili rekodi, na kwa nini aliyeinakili siye aliyetoa cheti. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyotayarishwa na kwa kifaa gani, na kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa au shughuli husika. Diski ikakataliwa, maandishi ya mazungumzo yakaanguka pamoja nayo, na ukabaki ushahidi wangu wa mdomo dhidi ya wa yule mkubwa wa wezi. Akaachiliwa. Nami nilikuwa nimekwisha kusimama kizimbani kwa jina langu halisi, kwa hiyo kazi ya siri mjini humo ikaniishia hapo, na hata kununua samaki sokoni kukawa na wasiwasi wake.

Aliyenifundisha kwamba mahakama inataka kusikia sauti tu, na kwamba makaratasi ni kazi ya makarani, alikuwa mkufunzi ambaye nashuku aliwahi kuingia mahakamani mara moja tu, tena kumwekea shemeji yake dhamana. Alitupa siku nzima ya kuvaa masharubu bandia, lakini hakutupa hata saa moja ya kusoma kifungu hicho.

Wewe umetaja kesi ya Baktash na Ibrahim Akasha, ndugu wawili wa Mombasa walioshtakiwa kwa ulanguzi wa dawa za kulevya, kana kwamba ilihusu ujasiri pekee. Ni kweli kwamba watoa habari wa Marekani waliojifanya wajumbe wa mtandao wa dawa za kulevya wa Kolombia walikuwa na ujasiri, lakini simu na vikao vyao vilirekodiwa, na rekodi hizo zilikuwa sehemu ya ushahidi uliokusanywa kwa ajili ya mahakama ya New York, ambako ndugu hao walikiri makosa Oktoba 2018. Baktash alifungwa miaka 25 na Ibrahim miaka 23.

Kwa hiyo kadi ya kwanza iwe kielelezo cha ushahidi tangu inapotolewa kwenye kifaa: itiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa lakiri, iandikwe saa na jina la kila anayeipokea, na kazi zote zifanyike kwenye nakala. Aliyerekodi na kunakili ndiye aandike cheti. Kama ofisi haina kadi nyingine, kanunue kwa fedha zako, na fomu ya makabidhiano uijaze papo hapo, hata kama mkubwa wako yuko nje ndani ya gari anakupigia honi.