Re: Sipati usingizi nikifikiria uchaguzi

Salaam dadangu. Umesema hulali tangu kundi la WhatsApp la mtaa wenu lianze kurushiana maneno ya siasa, na uchaguzi wenyewe ni Agosti 2027. Kwanza angalia simu: unaiweka chini saa ngapi?

2022, uchaguzi wa gavana hapa Mombasa uliposogezwa kutoka Agosti 9 hadi 29, nilikuwa nikisikiliza sauti za uvumi saa nane za usiku, moyo wanidunda. Nilipona nilipoanza kuiacha simu sebuleni baada ya Isha. Na jirani yangu wa chama kingine, tulikaa barazani na kahawa chungu, tukaongea bei ya unga tu.

Moyo ukidunda hata mchana, muone daktari, tafadhali.