Watoto na Maji Yao: Maswali kutoka Sabaki hadi Shela

Mwezi uliopita niliandika kwamba shule za mwambao zingewafunza wanafunzi kupima wenyewe maji ya mto, ziwa na kisima wanayoishi nayo. Barua zimenifikia kutoka kwa wazazi, walimu na wanafunzi. Hizi hapa ndizo zinazouliza yale wengi waliyouliza.

Mwanangu yuko gredi ya saba. Mwalimu wao anataka kuwapeleka Sabaki kupima maji, nami naogopa mamba. Nimkatalie? – Mama, Mambrui

Usimkatalie, mama, lakini hofu yako ina haki yake. Sabaki ina mamba na viboko, na mto hauna siku ya mapumziko. Kabla ya kutia sahihi ile barua ya ruhusa, muulize mwalimu ni nani mwenyeji wa ukingo ule atakayefuatana nao. Awe mvuvi au mkulima anayejua viboko wanapanda wapi na saa ngapi. Uliza pia watachota vipi. Ndoo ifungwe kamba ndefu, airushe mtu mzima, watoto wasimame nyuma yake penye ardhi ngumu. Hakuna kipimo kinachomlazimu mtoto kutia mguu majini.

Kuna hatari nyingine ambayo wageni wa Malindi hawaijui. Mto huu hujazwa na mvua ya bara. Kwenu jua linawaka, mchanga umekauka, na wakati huo huo maji ya mvua iliyonyesha nyanda za juu siku kadhaa nyuma yanateremka. Wakati wa masika na vuli, safari isipangwe bila kumpigia simu mtu anayeishi juu zaidi ya mto.

Na kichocho. Huku kwetu Kilifi kichocho cha mkojo bado kipo, na hakikai kwenye mkondo unaokimbia bali kwenye madimbwi na mifereji iliyotulia yenye majani na konokono. Vijidudu hutoka kwa konokono, wengi zaidi jua likiwa kali, na huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Kwa hiyo glavu na buti za mpira. Ndala hazimkingi mtu. Mtoto aliyekwisha kuoga kwenye dimbwi kama hilo apelekwe kituo cha afya akapimwe mkojo. Dawa ipo na inatibu.

Shule yetu haina pesa za vifaa. Tunaweza kupima nini? – Mwalimu wa sayansi, Malindi

Mwalimu, mengi kuliko unavyodhani. Anza na tope, maana ndilo jambo kubwa la Sabaki. Chukua chupa tupu ya lita moja inayoonekana ndani, ijaze, itikise, iweke juu ya dawati pasipo kuguswa hadi kesho yake saa ile ile. Pima kwa rula urefu wa tope lililotuama, kwa milimita. Udongo mwembamba kabisa hautashuka wote kwa siku moja. Hilo si kasoro, mradi kila mara mnasubiri muda ule ule. Darasa likitaka kuona jambo la ajabu, litie chumvi kidogo katika chupa ya pili: tope litagandamana na kushuka upesi. Ndivyo inavyotokea mto unapokutana na bahari.

Penye maji matulivu, kama Ziwa Jilore likiwa na maji ya kutosha, tumieni sahani ya Secchi. Ni kisahani cha sentimita 20, robo nyeusi robo nyeupe, kilichotiwa uzito na kuning'inizwa kwa kamba yenye alama. Kishushwe hadi kitoweke machoni, kipandishwe hadi kionekane tena, kisha mchukue wastani wa vina hivyo viwili. Wamalindi waliozoea Wataliano watafurahi kujua kwamba aliyekijaribu baharini mwaka 1865 alikuwa padri Mtaliano, Angelo Secchi. Kwenye Sabaki iliyojaa tope kisahani hakifai, kitapotea mara tu kikizama.

Kipimajoto cha maabara mnacho. Karatasi za pH, yaani za kupima asidi na besi, si ghali, na ni bora kuliko litmasi kwa sababu zinatoa namba. Maua ya boganvilia yaliyochemshwa yatawaonyesha watoto asidi na besi kwa rangi, lakini hayo yabaki darasani, yasiingie kwenye rekodi.

Kitu cha thamani kuliko vyote ni daftari. Shule yenye chupa na rula, inayokwenda mahali pale pale kila mwezi kwa mwaka mzima, itajua mengi kuhusu mto wake kuliko shule iliyoletewa sanduku la vifaa vya bei ikapima siku moja mbele ya kamera. Nimeona masanduku hayo yakikaa kabatini hadi dawa zake zikaisha muda. Taratibu za kupima zilizoandikwa vizuri hutolewa bure na GLOBE, mpango wa kimataifa wa shule kupima mazingira, ulioanzishwa Marekani mwaka 1994, na Kenya ni mwanachama. Zifuateni hizo, shule jirani nayo izifuate, ili namba zenu ziweze kulinganishwa.

Maji ya Sabaki ni ya kahawia. Je, yamechafuliwa? – Mwanafunzi, gredi ya nane

Swali zuri, mwanangu. Rangi ile ni udongo. Mto unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unaungana na Tsavo, unaitwa Galana, na unapofika kwetu ni Sabaki. Ni safari ya karibu kilomita 390. Njiani unapita mashamba na malisho yaliyopoteza majani ya kuushika udongo, na kila mvua huusomba. Sehemu ya mchanga ule ndiyo iliyoujaza ufuo wa Malindi na kuusukuma mbele.

Udongo wenyewe si sumu, lakini una madhara. Bakteria na mbolea husafiri wakiwa wameushikilia. Matumbawe nayo yanaishi kwa msaada wa mimea midogo mno iliyo ndani yake, inayohitaji mwanga; tope likiziba mwanga na kutanda juu yao, hudhoofika. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, iko kusini mwa mlango wa mto. Waulize wavuvi: wakati wa kusi maji mekundu ya mto husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui. Ukiingia msimu wa kaskazi, na mvua za vuli zimeshaujaza mto, huelekea kusini, kwenye matumbawe. Kwa hiyo katika daftari lako usiandike tu kiasi cha tope. Andika na upepo.

Kinyume chake pia ukikumbuke. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakawa na maradhi, na hapo ndipo barua inayofuata inapoingia.

Darasa la binti yangu limepima kisima chetu, pH ikawa 7.4. Wameambiwa ni nzuri. Basi tunaweza kuyanywa bila kuchemsha? – Baba, Lamu mjini

Hapana, bwana. Namba hiyo ni nzuri kweli, lakini haijibu swali lako. pH inasema maji yana asidi au hayana. Haioni kinyesi, na Lamu mjini kinyesi ndicho cha kuogopwa, kwa kuwa nyumba zimebanana, na shimo la choo na kisima mara nyingi viko hatua chache tu. Shirika la Afya Duniani linataka katika mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata bakteria mmoja wa E. coli. Shule inaweza kupata zile chupa ndogo zenye dawa ambazo hugeuka nyeusi kwa siku moja au mbili kukiwa na dalili ya kinyesi. Mwalimu azishike mwenyewe na aziue kwa klorini kabla ya kuzitupa. Ikigeuka nyeusi, mwiteni afisa wa afya ya umma achukue sampuli ya maabara. Isipogeuka, bado chemsheni, kwa maana kisima kilicho salama Jumatatu chaweza kuingiliwa baada ya mvua ya Ijumaa.

Nitrati nayo hutoka chooni, haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Kikomo cha shirika hilo ni miligramu 50 kwa lita, na wanaodhurika zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Vivyo hivyo chumvi: ukichemsha maji ya munyu unayazidishia munyu.

Nami ningeomba shule za Lamu ziipime hiyo chumvi kila mwezi, kwa kile kipimo kidogo cha umeme kinachochovywa majini. Maji ya mji yanatoka chini ya machungu, vile vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kwa sababu ni mepesi. Kwa kila mita moja maji matamu yanapopanda juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini zinazoyabeba. Ukivuta sana ukaishusha ile mita moja, chumvi inapanda kwa mara nyingi zaidi. Anayejenga juu ya machungu au kuyachota mchanga anaugusa mtungi wa mji mzima, na watoto wenye daftari la miaka mitatu wataweza kulionyesha hilo kwa namba. Wa Kiwayu na Ndau, wanaokunywa maji ya jabia, birika la kuwekea maji ya mvua, nao wapime yao. Huko chumvi si shida, bali kinyesi cha ndege na vumbi la msimu.

Samaki wa bwawa letu la shule hukutwa wanaelea alfajiri. Tumetiliwa sumu? – Mwanafunzi, Mpeketoni

Huenda siyo. Pimeni oksijeni alfajiri na tena saa nane mchana. Maji yakiwa ya kijani, mimea midogo hutoa oksijeni mchana na kuivuta usiku, kwa hiyo samaki hukosa pumzi kabla ya jua kutoka. Joto nalo huchangia: maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Punguzeni samadi na chakula, na msiwale samaki hao hadi mjue.

Kundi letu lilipata pH 6, kundi la pili 8, maji ni yale yale. Mwalimu alituambia tufute tuandike 7. Ni sawa? – Mwanafunzi, Malindi

Si sawa, na namwomba mwalimu asiudhike. Kutoka 6 hadi 8 ni tofauti ya mara mia, na 7 ni namba ambayo hakuna aliyeiona. Andikeni zote mbili, kisha mpime upya mara tatu kila kundi. Huenda chupa moja ilikuwa na mabaki ya sabuni, au karatasi ilisomwa imechelewa. Huenda pia mlichota saa tofauti. Karibu na mlango wa mto, maji ya kujaa na maji ya kupwa ni vitu viwili. Andikeni saa, na kama ni bamvua au maji mafu. Watoto wa wavuvi darasani watawafunza wenzao bila kitabu.

Tukishapata namba tumpelekee nani? – Walimu wawili, Lamu na Magarini

Maji ya kunywa, afisa wa afya ya umma. Mto, ziwa au maji ya ardhini, ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyoundwa kwa Sheria ya Maji ya 2016, pamoja na jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lenu. Ufuoni, kikundi cha usimamizi wa fuo, BMU. Barua iwe fupi: mahali, tarehe, saa, kipimo, namna mlivyopima, na nakala ya kurasa za daftari. Msimtaje mtu mnayemshuku. Ombeni ofisi ije ipime yenyewe, na mtaje ibara ya 43 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Wakishapima, ibara ya 35 inawaruhusu kuomba matokeo.

Ofisi ikikaa kimya, peleka barua ya pili mwezi unaofuata ikiwa na vipimo vya mwezi huo, na nakala kwa mwakilishi wa wadi. Barua zote mbili zigongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala zikae shuleni, si nyumbani kwa mwalimu, ili akihamishwa kazi isihame naye.