Safari ya Diani Ilikuwa ya Watu Watano

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja, Nairobi. Mwishoni mwa mwaka 2019 tulilipia likizo ya Pasaka katika hoteli moja ya Diani: siku nne, vyumba viwili, watu watano, jumla shilingi 96,000. Nyingi zilikuwa zetu, na kiasi kidogo kilitoka nyumbani kwa mume wangu. Korona ikaja, Nairobi ikafungwa Aprili 2020, safari ikafa. Mama mkwe alikuwa ameshafika kwetu kutoka Kangema, Murang'a, akakwama hapa mpaka Julai, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu vya kulala. Yaya alikuwa amekwenda kwao asiweze kurudi. Mimi nafanya kazi katika duka la dawa na sikupumzika hata siku moja. Tukaisogeza safari hadi Pasaka ya 2021, ikafungwa tena. Hoteli ikatoa hiari ya kurudishiwa asilimia 70 ya pesa au kupewa vocha ya thamani yote hadi tarehe 31 Desemba mwaka huu wa 2021. Nikachukua vocha.*

*Sasa nataka twende Krismasi, sisi wanne, tupumzike kama familia. Hoteli inataka nyongeza ya shilingi 38,000 kwa kuwa ni msimu wa wageni wengi, na niko tayari kukopa kwa simu. Mume wangu hataki kusikia. Anasema heri tuombe hata nusu ya pesa zirudi, zipelekwe kwao zikanunue tangi la maji. Nikimwuliza sababu ananyamaza, au anasema korona haijaisha. Marafiki zangu wote wamekwenda Pwani, naona picha zao. Mama mkwe nisingependa ajihatarishe kwa umri wake, ingawa yeye alimaliza chanjo zake Juni na mimi bado sijapata ya pili. Je, niweke nafasi upya au niache? Na nimfanye nini mume asiyethamini familia yake?*

*Mama Wawili, Nairobi*

Marahaba, binti yangu. Pole kwanza. Kufungasha mabegi mara mbili na kuyafungua mara mbili bila kufika hata Mlolongo kunachosha, hasa kwa mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa wakati wengine wameambiwa wakae nyumbani. Pole hiyo ipokee yote sasa hivi, kwa sababu sina nyingine niliyokuwekea.

Barua yako nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, na hesabu yako ya watu imekataa kukaa sawa. Mlilipia watu watano; sasa mnakwenda wanne. Hakuna mahali ulipoeleza huyo wa tano aliondolewa lini, aliondolewa na nani, wala kama mwenyewe ameambiwa. Umempitisha mlango wa nyuma kwa maneno matatu, "kama familia, wanne", ukitumaini kwamba Shangazi hatahesabu. Huyo wa tano ni mama mkwe wako, ambaye wiki ile ya Pasaka alishuka kutoka Kangema akiwa na begi la kwenda baharini, maana jina lake lilikuwa miongoni mwa majina mliyoipa hoteli.

Nikaja kwenye pesa, na hapo ndipo uliponitilia shaka zaidi. Unajua bei ya vyumba, unajua nyongeza ya Krismasi, unajua hata asilimia ambayo hoteli ingekurudishia, lakini kile kilichotoka kwa wakwe zako unakiita "kiasi kidogo" na kukiacha bila tarakimu. Kangema ni nchi ya majani chai, na bonasi ya chai hulipwa mwezi wa Oktoba. Nanyi hoteli mliilipa mwishoni mwa mwaka. Sikuwapo, lakini sihitaji mganga wa kunipigia ramli: mama yule alipokea bonasi yake, akamega fungu, akampa mwanawe alipie mahali pake. Ikiwa nimekosea, mwulize mumeo kiasi hicho ni shilingi ngapi na zilikuwa za nani, kisha uniandikie tena. Ikiwa sikukosea, basi vocha unayotaka kuitumia bila yeye ina pesa zake ndani, na jambo hilo lina jina lake ambalo kwa heshima sitaliandika hapa.

Sasa tuzungumze kuhusu miezi ile mitatu, kwa sababu nahisi ndiko kidonda kiliko. Amri ya kufunga Nairobi ilitolewa tarehe 6 Aprili 2020, siku nne kabla ya Ijumaa Kuu, ikaanza kutekelezwa jioni ileile. Mtu wa Murang'a aliyekuwa upande huu wa Mto Chania pale Thika akawa hana njia ya kwenda kwao hadi tarehe 7 Julai. Najua maana ya kukaa na mavyaa katika nyumba ya vyumba viwili kwa muda huo wote: mnakutana mlango wa choo alfajiri, mboga zako zinaonjwa na kuongezwa chumvi bila ruhusa, watoto wanakimbilia kwa nyanya yao kila ukiwakemea, na kuanzia saa moja jioni, baadaye mwezi wa Juni saa tatu usiku, kafyu imewafungia nyote sebuleni mbele ya televisheni moja. Hakuna mke ambaye hilo halimchoshi, na kama ungeniandikia kuhusu uchovu huo waziwazi ningekuwa upande wako kwa robo saa nzima.

Lakini umejifunga mwenyewe kwa maandishi yako. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Yaya alikuwa kwao, asiweze kurudi. Wewe hukukosa kazini hata siku moja. Niambie basi, mwanangu, watoto wawili walikuwa na nani kutwa? Nani aliwapikia uji saa nne, akawaosha, akawazuia wasishuke kucheza kwenye ngazi za ploti watu walipokuwa wakiogopana kama ukoma? Katika barua yenye nafasi ya picha za marafiki zako, bibi huyo hakupata hata "asante" moja. Alikosa bahari kama ulivyoikosa wewe, akakaa miezi mitatu akilea bila mshahara katika mji asioupenda, na sasa Krismasi inakuja anasikia, au atasikia kwa wajukuu, kwamba safari imefufuka na yeye hayumo.

Ukiyaweka hayo pamoja, mumeo si fumbo hata kidogo. Mwanamume anayekataa Diani na papo hapo anataka pesa zilezile zinunue tangi la maji nyumbani kwa mama yake, ana deni na anatafuta njia ya kulilipa bila kukugombanisha na mama yake wala yeye kugombana nawe. Hawezi kukuambia "siendi bila mama", kwa kuwa anayakumbuka maneno yaliyosemwa chumbani kwenu Juni ile, ambayo wewe hukuniandikia nami sikuulizi. Hawezi pia kukaa ufukweni akila samaki aliyelipiwa na majani ya chai ya mama aliyeachwa Kangema. Kwa hiyo ananyamaza, na akibanwa sana anasingizia korona. Wewe unamwita mume asiyethamini familia yake. Mimi nikimsoma ndani ya barua yako namwona mtu anayeihesabu familia kwa usahihi kukushinda.

Hiyo hoja ya umri na usalama iondoe mezani leo. Wazee wa miaka 58 na zaidi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufunguliwa chanjo mwezi wa Machi, naye amemaliza dozi zote mbili. Wewe muuza dawa bado una moja. Kati yenu, mwenye kumhatarisha mwenzake mezani ni nani?

Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, na sikuandikii wewe peke yako. Zamani mtu akisafiri na watu wake, waliohesabiwa walikuwa wote waliokula chungu kimoja. Leo familia imepunguzwa ikatosha ndani ya gari dogo na ndani ya picha moja, baba, mama na watoto wawili waliovalishwa fulana za rangi moja, na yeyote anayeharibu mpangilio wa picha anaambiwa ni kwa ajili ya afya yake. Mume anapimwa kwa hoteli aliyompeleka mkewe, na mke anajipima kwa hoteli walizopelekwa wenzake. Kila jioni mnafungua simu kutazama bwawa la kuogelea la mtu mwingine, kisha mnamgeukia mwanamume aliyeketi kando akifikiria karo. Wahenga walitwambia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Hao marafiki zako waliokwenda Pwani hujui waliokopa ni wangapi, wala waliorudi wakiwa hawasemezani ni wangapi, maana hayo hayapigwi picha.

Hukumu yangu kuhusu Krismasi ni kwamba usiende. Shule mwaka huu zinafungwa tarehe 23 Desemba na kufunguliwa tarehe 3 Januari 2022, kwa hiyo likizo ya watoto ni ya siku kumi tu, na ndizo hizohizo ambazo hoteli zote za Pwani zinauza kwa bei ya juu. Virusi vya korona vya aina mpya vilivyopewa jina la Omicron vilitangazwa mwishoni mwa Novemba 2021, na wewe umekwisha kushuhudia mara mbili jinsi amri inavyotoka siku chache kabla ya sikukuu: mwaka huu ilitolewa tarehe 26 Machi ilhali Pasaka ilikuwa tarehe 4 Aprili. Isitoshe, Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza Novemba 2021 kwamba kuanzia tarehe 21 Desemba 2021 asiye na cheti cha chanjo atanyimwa huduma mahali pengi, hoteli zikiwemo, na wewe hujakamilisha yako. Juu ya yote hayo unataka kukopa shilingi 38,000 kwa simu, mkopo ambao utadaiwa Januari, mwezi wa karo na sare. Kukopa harusi kulipa matanga ndiko huku.

Hata hivyo sikwambii uiache vocha iozee kwenye simu. Pesa ni zenu, na safari hiyo mnaistahili nyote. Iandikie hoteli wiki hii, kwa barua pepe na si kwa kupiga simu, ili majibu yabaki, uwaombe wausogeze mwisho wa vocha hadi Machi 2022. Waambie kwamba safari zote mbili zilizuiwa na amri ya serikali na hamkughairi kwa hiari yenu, na kwamba mnauliza siku za kawaida, zisizo za sikukuu, ambazo vyumba vingi huwa vitupu. Waulize mambo mawili waziwazi: kama thamani ya shilingi 96,000 inabaki ileile bila nyongeza, na kama vyumba viwili kwa watu watano bado vipo. Shule zitafungwa tena mapema Machi na hazitafunguliwa hadi karibu mwisho wa Aprili, kwa hiyo mtakuwa na wiki nyingi za kuchagua. Machi upepo wa kaskazi bado upo, bahari ya Diani imetulia, na mvua za masika hazijashika. Treni daraja la kawaida, kwa nauli ya mwaka huu wa 2021, ni shilingi 1,000 kwa mtu mzima kutoka Syokimau hadi Miritini. Kutoka hapo mtavuka feri ya Likoni kama watu wengine wote, na hakuna mkopo utakaohitajika.

Hoteli ikikataa, waulize kama vocha inaweza kuhamishiwa jina la mtu mwingine. Wapo watu wasio na watoto wa shule ambao wangeinunua kwa bei iliyopungua kidogo na kuitumia kabla ya Krismasi. Pesa hizo zikipatikana, fungu la mama litoke kwanza, likiwa kamili, hasara muibebe ninyi wawili, kwa kuwa wewe ndiwe uliyekataa asilimia 70 ukachukua vocha, na sioni katika barua yako kwamba uliketi na mumeo mkaliamua hilo pamoja. Kama atalinunulia tangi, ni shauri lake.

Kabla ya hoteli, lakini, anza na mumeo. Mwambie usiku, watoto wakishalala, kwamba umehesabu upya na safari ni ya watu watano, kisha unyamaze umwache aseme. Usianze na picha za mtu, wala usimkumbushe miezi ile. Ukiona amekaa kimya muda mrefu, usiujaze ukimya huo kwa masharti. Mambo ya vyumba yapangeni baadaye: watoto walale na nyanya yao, nanyi mpate chumba chenu, jambo ambalo katika mpango wako wa watu wanne hata hukuliwaza. Utagundua kwamba mama yule uliyetaka kumwacha ndiye atakayekupa jioni mbili tatu za kukaa na mumeo peke yenu, na hizo nadhani ndizo ulizokuwa ukizililia tangu mwanzo.

Tiketi za treni hukatwa kwa nambari ya kitambulisho ya kila msafiri mtu mzima. Ya mama mkwe usimwagize mumeo akuletee. Mpigie mwenyewe, umsalimie vizuri, umweleze ni ya nini, umwombe akusomee.