Ujerumani na mtoto wa miaka 3: anza na saa za kita, mji utajichagua

Dada, hongera kwa mkataba. Umesema mwajiri amekupa nafasi tatu za kuchagua: hospitali ya München, ya Leipzig, na ya mji mdogo katika jimbo la Thüringen. Mumeo na mtoto wa miaka 3 watakufuata baada ya miezi michache, na unauliza mji upi unamfaa mtoto. Waliotangulia kujibu wengi wamesema München kwa sababu ni mji mkubwa, una Watanzania na mishahara yake inasifiwa. Mimi pia ni muuguzi, mwanangu alikuja akiwa karibu na umri wa wako, na sasa yuko shule ya msingi Leipzig. Nakujibu kama mtu ambaye ratiba ya wodi na ya mtoto vimekuwa maisha yake: anza na saa za kita.

Kita ndiyo sehemu ya kulea na kufundishia watoto kabla ya shule. Mtoto anakaa hapo mpaka aanze darasa la kwanza akiwa na miaka 6 hivi. Sasa fikiria zamu yako. Zamu ya asubuhi kwenye wodi nyingi inaanza saa 12 asubuhi au dakika chache baadaye, na ya mchana inaisha saa 3 usiku. Nyumbani tungemwachia bibi, dada wa kazi au mama jirani, na mtoto angeamka saa yake. Hapa hakuna bibi. Kumlipa mtu binafsi aje nyumbani alfajiri ni ghali mno kwa mshahara wa mtu anayeanza. Kwa hiyo mlango wa kita ukifunguliwa saa 1 na nusu, wewe ukiwa unatakiwa wodini saa 12, ile saa moja na nusu lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe ni mumeo. Siku akipata kazi naye, nani atabaki?

Hapa ndipo mashariki na magharibi zinapoachana, na sioni watu wakilizungumzia vya kutosha. Katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki kina mama walifanya kazi siku nzima, na serikali ilijenga vituo vya watoto kwa ajili hiyo. Mazoea hayo yamebaki. Leipzig, kita nyingi zinafungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 11 jioni, na mtoto kukaa saa 9 kwa siku ni jambo la kawaida. Magharibi, München ikiwemo, utakuta nyingi zinafungua saa 1 au saa 1 na nusu, na sehemu nyingine bado mzazi anategemewa kumchukua mtoto saa 8 mchana. Kwa mtu wa ofisini hilo linavumilika. Kwa muuguzi ni tatizo la kila siku.

Kisheria mtoto wako ana haki ya nafasi. Kwa wa miaka 3 haki hiyo ipo tangu 1996, na tangu Agosti 2013 inaanzia mtoto akitimiza mwaka 1. Ila haki iliyoandikwa haikupi nafasi Jumatatu unapoanza kazi. Katika miji ya magharibi iliyojaa watu foleni inaweza kuwa ndefu. Leipzig ilikuwa hivyo hivyo zamani, wazazi wakisota, lakini watoto wanaozaliwa wamepungua sana miaka ya karibuni na sasa kita nyingi zina nafasi wazi. Maombi hupitia tovuti ya manispaa: Leipzig inaitwa KIVAN, München ni kita finder+. Fungua hizo tovuti leo hii ukiwa Dodoma, angalia kita zilizo karibu na hospitali husika, saa zake za kufungua, kisha waandikie wakuu wa vituo barua pepe fupi kwa Kijerumani. Wengine hawatajibu. Atakayejibu vizuri amekuambia mengi kuhusu kituo chake.

Uliza pia kama hospitali yenyewe ina kita ya wafanyakazi. Baadhi ya hospitali kubwa zinazo, na saa zake zimepangwa kwa kufuata zamu. Ningekuwa wewe, hospitali inayoniwekea kwa maandishi nafasi ya mtoto wangu ningeipa uzito kuliko ile inayoniongezea hela kidogo.

Ada nayo inategemea jimbo na manispaa. Berlin hakuna ada tangu 2018, unalipia chakula tu. Mecklenburg-Vorpommern wamefuta tangu 2020. Hamburg saa 5 kwa siku ni bure. Thüringen hawatozi miaka ya mwisho kabla ya shule. Sachsen, jimbo la Leipzig, unalipa, ila kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo na kwa ndugu wawili. Bayern, jimbo la München, linachangia euro 100 kwa mwezi kwa watoto kuanzia miaka 3. Ada isikutishe, kiasi chake hakifiki hata karibu na kodi ya nyumba.

Tuje kwenye kodi basi. München ndio mji wenye kodi kubwa kuliko yote Ujerumani. Hospitali za umma zinalipa kwa mkataba wa pamoja wa mishahara, kwa hiyo muuguzi wa Leipzig na wa München wanaanzia karibu sawa. Baadhi ya waajiri wa München wanaongeza posho ya mji, uliza wako kama anayo, lakini usitegemee posho hiyo ifukie pengo lote la kodi. Pesa ya mtoto inayotolewa na serikali (mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi) ni ileile nchi nzima. Fanya hesabu ya kinachobaki baada ya kodi, usiangalie mshahara ulioandikwa juu.

Kwenye matangazo ya nyumba utaona bei mbili. Ile ndogo ni kodi tupu. Ile kubwa imejumuisha maji, joto, taka na usafi wa ngazi. Umeme na intaneti kwa kawaida unalipa mwenyewe juu yake. Nyumba nyingi zinapangishwa bila jiko kabisa, namaanisha chumba kitupu chenye bomba la maji linalotoka ukutani, hivyo tenga pesa ya jiko na kabati. Amana haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Dalali anayeitwa na mwenye nyumba analipwa na mwenye nyumba, usikubali kumlipia. Na tafadhali, usitume hata senti kwa mtu ambaye hujaona nyumba yake wala hakuna unayemwamini aliyeiona. Wenzetu wameliwa amana zao kwa picha nzuri za mtandaoni.

Jambo ambalo halina mjadala: mwenye nyumba lazima akupe karatasi ya kuthibitisha kwamba umehamia. Una wiki mbili za kujiandikisha manispaa, na bila karatasi hiyo huandikishwi. Bila kuandikishwa, namba ya kodi ya mapato, pesa ya mtoto na nafasi ya kita vyote vinakwama. Akikuambia "kaa tu, usijiandikishe," achana naye hata kama nyumba inang'aa.

Hospitali nyingi hukupa chumba cha wafanyakazi mwanzoni. Kichukue, kikupe muda wa kutafuta nyumba ya familia kwa utulivu. Ukitafuta, chora njia tatu: nyumba hadi kita, kita hadi hospitali, hospitali hadi nyumba. Mimi nilikataa nyumba nzuri zaidi karibu na bustani kubwa ya Clara-Zetkin nikachukua ya kawaida Grünau, mtaa wa maghorofa uliojengwa kuanzia miaka ya 1970. Watu waliniambia Grünau hakuna hadhi. Lakini kita ilikuwa nyuma ya jengo letu, viwanja vya watoto vilionekana dirishani, lifti ilibeba gari la mtoto, na treni ya mjini ilikuwa jirani. Asubuhi ya Januari, nyuzi joto chini ya sifuri na giza mpaka karibu saa 2, dakika tano za kutembea na mtoto mwenye usingizi ni tofauti kabisa na nusu saa ya kubadilisha tramu mara mbili.

Kuhusu ule mji mdogo wa Thüringen nitasema kwa uangalifu, kwa sababu nina rafiki anayeishi mji wa namna hiyo na anaupenda. Nyumba kubwa, kodi ndogo, kita ina nafasi, majirani wanamjua mtoto kwa jina. Yote hayo ni kweli. Ila yeye ana gari. Basi la kwanza kwao linapita baada ya zamu ya asubuhi kuanza, na Jumapili karibu hakuna basi. Daktari wa watoto yuko mji wa pili. Kwa hiyo kama nyote wawili hamna leseni ya udereva inayokubalika hapa, fikiri mara mbili. Leseni ya nyumbani inatumika miezi sita tu, baada ya hapo unatakiwa kufanya mitihani, na inagharimu pesa nyingi.

Lipo pia suala la rangi yetu, na sitalizunguka. Katika uchaguzi wa jimbo la Thüringen wa Septemba 2024, chama cha AfD kinachopinga wahamiaji kilishika nafasi ya kwanza. Haimaanishi kila jirani ni adui. Leipzig nayo iko Sachsen, jimbo ambalo chama hicho kina nguvu, na bado mimi naishi hapa, mwanangu ana marafiki, na nikiwa kazini nimeheshimiwa zaidi kuliko nilivyotarajia. Maneno ya ovyo kwenye tramu nimeyasikia pia. Tofauti ya mji mkubwa ni kwamba mtoto wako hatakuwa mweusi peke yake kwenye kita nzima. Kwa mtoto wa miaka 3 anayejifunza lugha mpya, hilo nalihesabu kuwa kubwa. Ukipata nafasi ya kuja kuangalia, nenda uwanja wa kuchezea watoto saa 10 jioni ukae hapo. Utaona nani anacheza na nani.

Wiki za kwanza za kita mzazi hukaa na mtoto humohumo, anapunguza muda kidogo kidogo mpaka mtoto azoee. Inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kufika mwezi na zaidi, na walezi hawakubali kuharakishwa. Wewe utakuwa kazini. Mpange kwamba mumeo asianze kazi wala darasa la lugha mwezi huohuo. Kita zinafungwa Jumamosi na Jumapili, na wewe utapangiwa wikiendi, kwa hiyo hata kazi yake aitafute akijua hilo. Mtoto akiugua, mwaka 2025 kila mzazi aliye kwenye bima ya umma alikuwa na siku 15 za kumuuguza zinazolipwa na bima. Mwaka wa kwanza wa kita utazitumia, maana mafua hayaishi.

Kadi ya kliniki ya mtoto ije kwenye begi la mkononi. Tangu Machi 2020 sheria hapa inataka mtoto aliyetimiza miaka 2 awe na uthibitisho wa dozi mbili za chanjo ya surua kabla ya kupokelewa kita. Kwetu anachomwa akiwa na miezi 9 na miezi 18, hivyo hakikisha zote mbili zimeandikwa na tarehe zinasomeka. Kadi ikipotea, daktari wa hapa ataanza kumchanja upya na kuanza kita kutachelewa.

Jambo la mwisho ni shule. Sachsen, shule ya msingi ya umma hufuata anwani ya nyumba. Miaka 3 itapita haraka, na mtoto akishazoea wenzake hutapenda kumhamisha. Ukibakiza nyumba mbili zinazolingana, angalia zinaangukia shule ipi na kama atavuka barabara kubwa kufika, kwa sababu watoto wa hapa huanza kwenda shule wenyewe mapema.

Kwa hayo uliyoandika, mimi ningechukua Leipzig. Kama hospitali ya München ina kita yake na inakupa nyumba ya familia kwa maandishi, hesabu inabadilika, na hapo sitakushawishi. Kabla hujachagua, mwandikie mwajiri maswali haya manne tu: zamu inaanza saa ngapi kamili, kita ya karibu inafungua saa ngapi, nyumba ya wafanyakazi inaruhusu familia kwa miezi mingapi, na je unaweza kupangiwa zamu inayopishana na ya mumeo. Majibu yakija yaweke hapa, nitayapitia pamoja nawe, na kama ni Leipzig nitakuangalizia mtaa wenyewe kwa miguu yangu.