Franconia Ridge mwezi wa Novemba: bila spaiki usitoke nyumbani

Mkuu, raba? Unataka kupanda Franconia Ridge, ule mgongo wa milima kule New Hampshire, wikendi ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya mwisho wa Novemba, na raba? Futa kwanza huo mpango, halafu tuongee.

Maswali yako nimeyasoma yote, la chakula, la gari dogo, la mdogo wako ambaye hajawahi kupanda mlima. Lililonitoa usingizini ni pale uliposema muuzaji wa viatu kakuhakikishia kwamba theluji bado haijaanguka, kwa hiyo spaiki, yale meno ya chuma ya kuvalisha kiatu, huzihitaji. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, dukani huku Massachusetts. Koti la bei mbaya aliniuzia, soksi za sufu aliniuzia, chupa ya chai pia. Spaiki, akasema, ni za watu wa Januari. Nadhani barafu pekee aliyowahi kuikanyaga mtu yule ni iliyomdondoka kwenye glasi ya soda.

Wauzaji hawa wanaangalia theluji wakati kinachovunja watu ni barafu. Theluji ya Januari ikishakanyagwa na wengi inashikamana, mguu unapata pa kukaa. Novemba ni maji: mchana yanachuruzika juu ya mawe, usiku yanaganda, hayana rangi, na majani yaliyopukutika yanayafunika. Unachoona ni jiwe lililolowa. Halafu maegesho yako kwenye mita 540 hivi na Lafayette, kilele kirefu cha mgongo huo, ni karibu 1,600, kwa hiyo juu kuna baridi zaidi kwa nyuzi kama 7 za Selsiasi, upepo bado hujauhesabu. Pale chini ukivua kofia kwa joto, usidhani umejua hali ya mlima.

Sasa sikia palipotuponza. Mimi na wenzangu tulipanda bila spaiki kwa njia ya Falling Waters, na kupanda kunadanganya. Unainamia mlima, unashika mizizi, unajivuta. Barafu ya kwanza tukaivuka, ya pili tukaivuka, tukapongezana. Kosa lilifanyika hapo, saa nyingi kabla mtu hajaanguka, kwa sababu kila tulipovuka tulikuwa tunaongeza mahali ambapo hatungeweza kushuka. Juu mgongo wa mlima uko wazi kwa zaidi ya kilomita 2, hakuna mti wa kukukinga, na kurudi nyuma tuliona ni balaa kuliko kusonga mbele.

Tukashuka kwa njia nyingine, Old Bridle Path. Kibanda cha wapandaji cha Greenleaf, kilichoko njiani, mwezi huo kimefungwa, usikitegemee. Chini yake kuna mawe mapana yaliyoinama, na siku ile yalikuwa yameganda yote. Tukakaa chini, tukawa tunateleza kwa makalio, jiwe hadi jiwe. Jua mwishoni mwa Novemba linazama saa kumi na robo hivi jioni, na kwenye bonde lile mlima wa Cannon unalificha mapema zaidi. Gizani ndipo nilipovunjika kifundo cha mkono. Waliotushusha ni wazee wawili waliotukuta njiani, wanatembea kama wako kwenye ngazi za nyumbani kwao. Miguuni wana spaiki.

Kwa hiyo nunua zile zenye mpira wa kubana kiatu, minyororo chini na meno ya chuma. Ni chini ya dola 100. Bili yangu ya hospitali sitaki hata kuitaja. Zivae kwenye barafu ya kwanza, usisubiri ya tatu. Kama mdogo wako hana zake, hapandi, hata akinuna. Buti zenyewe ziwe ngumu, raba hukunjwa na mpira wa spaiki ukachomoka. Chukua na kadi ya Hike Safe inayokukinga na bili hiyo ya uokoaji, dola 25 kwa mtu mmoja, maana New Hampshire sheria inaruhusu mzembe atozwe gharama za kuokolewa.

Ya chakula na gari wengine watakujibu. Ukikosa saizi madukani niandikie leo, nina pea inayoshika kiatu namba 42 hadi 44, uje uichukue huku kwangu Lowell kabla ya Alhamisi.